Nani Huamua Mshindi? Nafasi ya Mchezaji katika Vita vya Himaya za EVE Online

Utangulizi

Mtambaji wa ngano anapoita "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", huwa amekiri jambo moja kubwa: kwamba hadithi yake haiwezi kwenda bila wasikilizaji. Hata hivyo, uwezo wa wasikilizaji hao una mpaka. Wanaweza kuitikia, kuimba kiitikio, kucheka, hata kumsahihisha mtambaji anapoteleza. Lakini Sungura atamhadaa Fisi tu, watake wasitake. Hali ni iyo hiyo katika utendi. Aliyeketi kuusikiliza Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mnamo mwaka wa 1728, aliweza kulia au kushangilia. Hakuweza kuliongezea jeshi alilolipenda askari hata mmoja.

Michezo ya kompyuta inayochezwa kupitia intaneti imeuibua upya mjadala huu wa hadhira na utunzi, na hapana mchezo ulioufikisha mbali kama EVE Online, mchezo wa vyombo vya angani uliobuniwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, na kuzinduliwa Mei 2003. Makala haya yanadhamiria kueleza njia ambazo mchezaji wa EVE hutumia kuathiri migogoro baina ya kambi hasimu, na kubainisha mahali ambapo uwezo wake hukomea. Hoja inayotetewa ni kwamba bunduki ni njia mojawapo tu, na aghalabu si ile yenye nguvu zaidi.

Ulimwengu wa EVE na Himaya Zake

Michezo mingi ya aina hii huwagawa wachezaji katika seva nyingi, kila seva ikiwa na nakala yake ya ulimwengu. Mchezaji akishinda vita katika nakala moja, jirani yake aliye katika nakala nyingine hana habari. EVE haikufuata njia hiyo. Isipokuwa nchini Uchina, ambako kuna seva ya peke yake, wachezaji wote wa dunia hukutana katika ulimwengu mmoja unaoendeshwa na seva iliyoko London. Ulimwengu huo una zaidi ya mifumo 7,000 ya nyota. Mfumo ukitekwa leo umetekwa kwa kila mtu, na mchezaji atakayejiunga mwaka ujao ataukuta umetekwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni hasara. Rubani wa EVE hafi. Mwili wake ukiangamia, huamkia katika mwili mwingine ulioandaliwa. Chombo chake, hata hivyo, kikilipuliwa kimekwenda. Hakirudi. Kilichukua madini yaliyochimbwa na mtu, kikaundwa na mtu, kikasafirishwa na mtu, na mara nyingi kikanunuliwa kwa bei iliyoamuliwa na soko la wachezaji wenyewe. Uchumi huo ni mpana kiasi kwamba mwaka wa 2007 kampuni ilimwajiri mtaalamu wa uchumi, Eyjólfur Guðmundsson, auchunguze na kuuandikia taarifa. Pasipo hasara ya kweli, vita vingekuwa maigizo tu.

Watunzi wa mchezo walijenga himaya nne. Himaya ya Amarr ni ya kidini, na iliwatia watu wa Minmatar utumwani kwa vizazi vingi mpaka walipoasi na kuunda jamhuri yao. Dola ya Caldari, inayotawaliwa na makampuni makubwa, ilijitenga na Shirikisho la Gallente, lenye kujivunia demokrasia yake. Na sayari ya asili ya Wacaldari ikawa chanzo cha uhasama usiokwisha. Kutokana na hayo zikazuka kambi mbili: Amarr na Caldari upande huu, Minmatar na Gallente upande ule. Msomaji wa riwaya ataona papo hapo kwamba hapana upande usio na doa wala usio na madai ya haki. Watunzi walikusudia iwe hivyo, kwa sababu ugomvi wenye jibu moja haumgawanyi mtu na mwenzake.

Kusogeza Mpaka

Kwa miaka mitano ya kwanza uhasama huo ulikuwa zaidi wa vitabuni kuliko wa uwanjani. Mnamo Juni 2008 kampuni ilifungua njia rasmi ya mchezaji kushiriki: kila himaya ikawa na jeshi la mgambo, na rubani akaweza kujiandikisha.

Utaratibu wake wa msingi ni mwepesi kueleza. Katika mifumo ya mpakani hujitokeza maeneo ya mapambano. Rubani huingia katika eneo, hukaa karibu na alama iliyowekwa humo, na saa huanza kuhesabu. Akifaulu kukaa hadi muda uishe, bila kufukuzwa wala kuangamizwa, asilimia ya utekaji wa mfumo huo hupanda kidogo, naye hupewa alama za utiifu anazoweza kuzibadilisha kwa silaha na vyombo. Mlinzi naye hufanya kazi iyo hiyo kuishusha asilimia. Ikijaa, ngome kuu ya mfumo huwa wazi kushambuliwa. Ikianguka, mfumo hubadilisha bendera.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba haba na haba hujaza kibaba. Baadhi ya maeneo hayo hayaruhusu kuingia kwa vyombo vikubwa, kwa hivyo mchezaji mgeni mwenye kijichombo cha bei nafuu ana kazi ya kufanya ambayo tajiri mwenye merikebu ya kutisha hawezi kumnyang'anya. Wala si lazima apigane. Kundi dogo linaloingia kila siku saa zile ambazo maadui wamelala, kwa sababu wao wako bara jingine, laweza kuutwaa mfumo bila vita vya kusimuliwa. Makamanda wa mgambo hulijua hilo vyema, na ndiyo sababu huajiri watu kwa kuzingatia majira ya saa ya nchi wanakotoka. Marekebisho ya Novemba 2022 yaliongeza mkakati: mifumo iliyo mstari wa mbele hutekeka haraka zaidi kuliko ile ya nyuma, hivyo jeshi halifaidiki sana kwa kurukia mfumo wa mbali usiopakana na wake.

Uzalendo, lakini, una bei yake. Mwaka wa 2012 malipo ya mgambo yaliboreshwa, na upande unaoshinda ukawa unalipwa vizuri zaidi. Majeshi yaliyoshindwa nayo yakazuiwa kutia nanga katika vituo vya mifumo iliyotekwa. Nia ilikuwa kuupa ushindi uzito. Matokeo yake ni kwamba watu walimiminika upande uliokuwa ukishinda, pasipo kujali kama wanawatetea waliokuwa watumwa au waliowatia utumwani. Kilichopunguza kasi hiyo hakikuwa sheria bali soko: bidhaa za upande ulioshindwa zilikuwa adimu, bei ikapanda, na wenye tamaa wakarudi kuzitafuta. Mwaka huo huo wachezaji wachache waligundua kwamba malipo ya kuharibu mali ya adui yalipimwa kwa bei ya soko. Wakaipandisha wenyewe bei ya bidhaa fulani, kisha wakaiharibu mali yao wenyewe kwa kujifanya adui, wakavuna utajiri usiomithilika. Kampuni iliziba tundu hilo na kuwapokonya walichopata.

Kuna kikomo kingine kilicho kikubwa zaidi. Mgambo anaweza kusogeza mpaka, hawezi kumaliza vita. Miji mikuu ya himaya haitekeki kwa njia hii, na hata upande ukinyakua mifumo yote ya mpakani, uwanja unabaki pale pale ukisubiri kugeuzwa. Kampuni haiwezi kuruhusu Minmatar ifutike, kwa kuwa maelfu ya watu wamelipa wawe Waminmatar. Ni vita vya kamba ambamo kamba haikatiki.

Taji la Amarr

Pamoja na kikomo hicho, liko tukio moja ambalo mchezaji aliruhusiwa kuugusa moyo wa hadithi yenyewe. Mwaka wa 2015 Malkia Jamyl Sarum wa Amarr aliuawa katika masimulizi ya mchezo, chombo chake kikubwa kikiangamizwa na maadui wasiotoka katika himaya yoyote kati ya zile nne. Kwa desturi ya Amarr, kiti kikiwa wazi, warithi wa nasaba za kifalme huteua mashujaa wa kuwapigania, na mshindi ndiye hutawazwa. Wabunifu wangeweza kuandika jina walilotaka. Badala yake waliandaa mashindano mwaka wa 2016, na mashujaa wakawa wachezaji wa kweli, kila timu ikipigana kwa jina la mrithi wake.

Timu iliyoshinda ilimwakilisha Catiz wa nasaba ya Tash-Murkon. Uzito wa matokeo haya hauonekani ila kwa anayejua hadithi ya nyuma. Tash-Murkon ni nasaba yenye asili ya Waudoria, watu waliotekwa na Waamarr zamani. Si Waamarr wa damu. Katika himaya inayoringia usafi wa nasaba, kiti kitukufu kikatwaliwa na mzawa wa walioshindwa, tena kwa mkono wa marubani wachache walioketi nyumbani mwao mbele ya kompyuta. Mwandishi wa riwaya angeliwaza tukio kama hili kwa miezi. Hapa lilitokana na mchuano wa uwanjani, na waandishi wa kampuni wakalazimika kuufuata mkondo uliochimbwa na hadhira yao. Catiz wa Kwanza ndiye aliyekalia kiti.

Ambako Hakuna Serikali

Hata hivyo, wanaoifahamu EVE hukubali kwamba migogoro yake mikubwa haiko mpakani mwa himaya nne. Iko mbali zaidi, katika mifumo isiyo na polisi wala mfalme, ambako wachezaji wameachiwa waunde dola zao wenyewe. Kuna mashirika, mashirika huungana kuwa miungano, na miungano hufunga mapatano ya kivita yenye maelfu ya watu. Humo mwandishi wa kampuni hana neno. Kila vita, kila usaliti na kila amani hutungwa na wachezaji.

Mfano mashuhuri ni vita vya B-R5RB vya tarehe 27 na 28 Januari 2014. Muungano mmoja ulikuwa ukiutumia mfumo huo kama kambi yake ya kijeshi. Kuumiliki kulihitaji kulipiwa ada kila baada ya muda maalumu. Ada haikulipwa. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Safari hii habari zilienea dunia nzima. Umiliki ulipoporomoka, maadui waliingia kuudai mfumo, wenyewe wakaja kuutetea, na kila upande ukaita wenzake. Wachezaji 7,548 walishiriki katika muda wa takriban saa 21. Seva ilielemewa kiasi cha kupunguza mwendo wa wakati ndani ya mfumo huo, sekunde 10 za ulimwengu wetu zikawa sekunde 1 ya mchezo, ili kila amri iliyotolewa ipate kutekelezwa. Vyombo 75 vya daraja la Titani, ambavyo ni vikubwa kuliko vyote na huchukua muda mrefu kuundwa, viliteketea. Kwa kuwa fedha za mchezo zaweza kulinganishwa na fedha halisi, hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola 300,000 na 330,000 za Marekani. Kampuni iliacha mabaki ya vyombo hivyo yaelee mahali hapo yawe kumbukumbu.

Rekodi hiyo ilivunjwa katika mfumo wa M2-XFE mwishoni mwa Desemba 2020, ambako Titani 257 ziliangamizwa na hasara ya pande mbili ikawa karibu sawasawa. Vita vile vilikuwa sehemu ya mgogoro ulioanza Julai 2020 na kwisha Agosti 2021, pale muungano uliovamia ulipokata tamaa na kuondoka. Jeshi kubwa zaidi halikushinda, lilichoka. Kuwaamsha watu usiku wa manane kwa miezi kumi na mitatu ni kazi ngumu kuliko kuwapa silaha.

Ulimi na Mkono wa Siri

Ikiwa kuna mambo mawili yanayoipita silaha katika mifumo hiyo ya mbali, ni habari na maneno. Februari 2009, muungano uliotisha kuliko yote wakati ule, Band of Brothers, ulitoweka kwa siku moja bila kupigwa risasi. Kiongozi mmoja wa ndani, aliyekabidhiwa mamlaka makubwa, alihamia kwa maadui wa Goonswarm, na kwa kutumia mamlaka yale yale akauvunja muungano kisheria. Jina likapotea, na maadui wakalichukua. Umiliki wa mifumo ukapotea pamoja nalo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni haikubatilisha tendo hilo, kwa sababu halikukiuka kanuni yoyote ya mchezo, na ukimya wake uliwafunza wachezaji kwamba uaminifu nao ni silaha. Chini ya mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa 2010, Goonswarm nao walipoteza maeneo yao baada ya kiongozi wao kutoroka na mali na ada kutolipwa. Historia hiyo ina kicheko chake.

Upande wa maneno una mfano wenye huzuni. Mchezaji aliyeitwa Vile Rat alikuwa balozi wa Goonswarm. Kazi yake haikuwa kurusha makombora bali kuzungumza: kujua nani ana kinyongo na nani, kushawishi muungano mmoja usalie kando, kuufanya mwingine uamini kwamba maslahi yake yako hapa. Vita kadhaa viliamuliwa na mazungumzo yake kabla havijaanza. Katika maisha halisi alikuwa Sean Smith, afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliyeuawa Benghazi, Libya, tarehe 11 Septemba 2012. Habari ilipofika, wachezaji wa kambi zote, wakiwamo aliowashinda kwa ulimi wake, walibadilisha majina ya vituo vyao kwa heshima yake. Msomi wa balagha asingepata ushahidi bora kwamba katika ulimwengu huu usemi ni tendo.

Mwenye Kalamu

Swali linabaki kuhusu kampuni yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoshika kanuni. Mwaka wa 2007 iligunduliwa kwamba mfanyakazi mmoja, aliyekuwa pia mchezaji wa Band of Brothers, alijipatia kwa njia isiyo halali michoro adimu ya kuundia vyombo. Hasira ilikuwa kubwa: maadui walihisi kwamba wanapigana na mungu aliyeegemea upande mmoja. Kampuni iliunda kitengo cha kuchunguza mienendo ya wafanyakazi wake, na mwaka wa 2008 likachaguliwa kwa kura Baraza la wachezaji, ambalo hushauri kuhusu mabadiliko ya mchezo. Miungano mikubwa ilielewa upesi maana yake. Anayekaa barazani anaweza kushauri kuhusu kanuni ambazo vita vijavyo vitapiganwa kwazo, kwa hivyo kampeni za uchaguzi zikawa sehemu ya vita.

Mwaka wa 2011, ilipohofiwa kwamba kampuni ingeuza kwa fedha halisi vitu vya kumpa mnunuzi nguvu vitani, wachezaji waliizingira sanamu iliyoko Jita, soko kuu la mchezo, wakaipiga makombora mchana na usiku ingawa haikuweza kuvunjika. Baraza liliitwa Reykjavik kwa dharura, na baadaye mwaka huo mkurugenzi mkuu aliwaandikia wachezaji akiomba radhi. Hapo mgogoro haukuwa tena baina ya Amarr na Minmatar. Ulikuwa baina ya watunzi wawili wa hadithi moja, na wenye idadi ndio walioshinda.

Isidhaniwe, basi, kwamba kila mchezaji ana sehemu sawa ya uwezo huu. Katika vita vya mgambo, mtu mmoja aliye mvumilivu huhesabika, ila anachokitikisa ni kidogo. Katika mifumo isiyo na serikali kila kitu hutikisika, lakini wanaokitikisa ni wachache: makamanda, mabalozi, watunza hazina, majasusi. Wengi waliokuwako B-R5RB walifyatua walipoambiwa wafyatue, kwa mwendo wa polepole, kwa saa nyingi, bila kujua kwa nini ada haikulipwa. Kinachowatofautisha na mwananchi wa kawaida katika vita vya kweli ni kwamba wao waweza kuhama muungano kesho asubuhi, na viongozi wao wanajua hivyo.

Wachezaji hawa vilevile ndio wanaoshika kumbukumbu. Mwanahabari Andrew Groen alipoandika Empires of EVE, kitabu kilichotoka mwaka wa 2016 kuhusu vita vya miaka ya mwanzo, alilazimika kutegemea pakubwa masimulizi ya waliokuwako, waliotofautiana kama wanavyotofautiana wazee wa koo mbili wanapoulizwa nani alianza kuchoma kijiji cha mwenzake. Miungano iliyoshinda ilikuwa na waandishi wake, mabango yake na nyimbo zake. Iliyoshindwa nayo ilikuwa na yake, na baadhi ya wafuasi wake walikana kwamba ilishindwa.